Hapa Hatumwinui Mtu

Siku ya kwanza Mama Bado alipopanda ngazi za ukumbi ule wa mazoezi, alikuwa amevaa raba za kazini, suruali ya mumewe aliyoikaza kiunoni kwa pini, na fulana iliyoandikwa kifuani kwa herufi kubwa: NYONYESHA MIEZI SITA. Fulana hiyo aligawiwa kwenye semina, na kwa kuwa ndiyo nguo pekee aliyokuwa nayo isiyoogopa jasho, aliona inatosha. Vijana waliokuwa wakinyoosha misuli waliisoma, wakatazamana, wakaendelea kunyoosha misuli. Adabu walikuwa nayo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa juu ya duka la rangi. Sakafuni mikeka ya mpira mweusi, ukutani saa kubwa ya namba nyekundu, na pembeni spika ambayo, kwa maoni ya Mama Bado, ilistahili kushtakiwa. Kocha alikuwa binti mfupi mwenye mapaja ya kubeba ghorofa na filimbi shingoni. Utaratibu ulikuwa mwepesi kuueleza: sekunde arobaini unajitesa, sekunde ishirini unafufuka, halafu unarudia mpaka wakuonee huruma. Na huruma pale haikuwepo.

"Shikamoo mama. Una tatizo lolote la kiafya?" Kocha aliuliza.

"Marahaba. Nina miaka hamsini na tisa."

"Hilo si tatizo."

"Subiri uone."

Aliona. Dakika ya nne ilimkuta Mama Bado kwenye benchi la kuvulia viatu, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye ile saa nyekundu, akijihesabia mapigo ya moyo. Mia moja hamsini na mbili. Mapigo hayo yangekuwa ya mjamzito, angemwitia daktari. Lakini mganga hajigangi. Alikunywa maji, akajifuta uso kwa ncha ya NYONYESHA, akarudi kwenye mstari.

Kabla hatujamcheka zaidi, tumjue ni nani, na ni kipi kilichompandisha ngazi zile.

Alikuwa mkunga. Miaka thelathini na minne alikuwa katika wodi moja ya wazazi, na jina la Mama Bado alipewa na wazazi wenyewe. Mwanamke akiuliza, "Nesi, nisukume?" yeye humtazama, humpima, husema, "Bado." Baada ya saa nzima: "Bado, mama. Pumua." Wengine walimtukana matusi ya nguoni, na mmoja alimng'ata bega, alama anayo mpaka leo. Ila wote walijua kwamba itafika saa atainama, atawatazama usoni, na kusema, "Sasa," na hapo mtu anasukuma kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Watu waliokuja duniani kwa neno hilo wangetosha kujaza uwanja wa mpira.

Mumewe alikuwa fundi saa. Mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vyembamba, aliyeweza kushinda kutwa na saa moja ya mkononi, lenzi imebanwa jichoni, akiinong'oneza. Mwaka uliotangulia alipatwa na kiharusi. Alipona, lakini si mzima wote. Mkono wa kushoto ulibaki unaning'inia, mguu wa kushoto ukawa unaburuta, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida, kama dawa ya meno kwenye tyubu iliyokwisha.

Mama Bado aliapa kwamba mume wake hatapungukiwa na kitu. Akamwogesha, akamvisha, akamkatia nyama vipande vidogo, akamshikia kikombe. Mzee akijaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja, mkewe alikuwa ameshakifunga kabla kidole hakijakipata. Asubuhi alimwacha na jirani, mshona viatu aliyestaafu, wakicheza drafti dirishani, na jioni alirudi mbio kama aliyeacha maziwa jikoni. Alimpenda mno, hilo halina mjadala.

Jumamosi moja mchana, mzee aliteleza kwenye korido akitoka msalani. Hakuumia, ila hakuweza kunyanyuka, na Mama Bado, aliyegeuza na kuinua wanawake wa kila uzito, hakuweza kumnyanyua. Wodini huwa mko watatu. Hapa alikuwa peke yake. Alimshika kwapani akavuta mpaka macho yakamtoka. Jirani hakuwepo siku hiyo, na kwa mgongo wake mbovu angekuwa mgonjwa wa pili tu. Mwishowe alileta mito, akaketi sakafuni kando ya mumewe, wakaegemea ukuta, wakasikiliza redio wakingoja mtu wa kubisha hodi. Aliyebisha, baada ya saa moja na nusu, alikuwa binti yao, amekuja kuwashtukiza na keki mkononi.

Binti aliwatazama wazazi wake wamekaa chini kama mizigo iliyosahauliwa stesheni, akalia. Kisha akatoka barabarani, akawaomba wanaume wawili waliokuwa wakipita, wakamsimamisha baba yake. Jioni, mezani, alisema lililokuwa moyoni.

"Mama, Baba nitamchukua. Kwangu hakuna ngazi, dada wa kazi yupo, mume wangu yupo."

"Na mimi?"

"Wewe kazi unayo. Ukistaafu utakuja."

"Ni miezi kumi hiyo."

"Ni saa nane kwa basi, Mama, si mwezini. Utakuja likizo."

Mzee alikuwa palepale mezani, kijiko mkononi. Hakuna aliyemuuliza. Miaka thelathini na minane ya ndoa hawakuwahi kulala mbalimbali ila kwa zamu za hospitali, na Mama Bado aliisukuma sahani pembeni. Akatoa ahadi ya mtu aliyebanwa.

"Nipe miezi miwili. Ukirudi nikashindwa kumwinua baba yako kutoka chini, peke yangu, mchukue."

Binti hakuwa mbaya. Alikuwa mwoga tu, mwoga wa simu ile inayopigwa asubuhi mapema. Alikubali.

Hivyo ndivyo mkunga wa miaka hamsini na tisa alivyojikuta, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, akiruka na watoto aliowapokea mwenyewe. Kilichomtesa kuliko vyote ni zoezi ambalo pale ukumbini waliliita Lala-Ruka. Unajitupa chini mpaka kifua kiguse mkeka, unajisukuma, unaruka juu, unapiga makofi, unajitupa tena. Vijana walipiga ishirini bila kupepesa. Magoti ya Mama Bado yaligoma.

Kocha akamkatia vipande. "Wewe usiruke. Lala taratibu, inuka taratibu. Geuka ubavu. Jikokote mpaka goti. Leta mguu mmoja mbele, ukanyage. Kiganja kwenye paja. Simama. Ni hivyo tu."

"Ni hivyo tu," Mama Bado alisema akiwa amelala, shavu kwenye mpira, "kwa mtu mwenye magoti."

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama. Wiki ya pili alishuka ngazi za ukumbi kinyumenyume, ameshikilia chuma. Alipofika nyumbani akawa anajishusha kitini kwa awamu, kwanza mkono, halafu nyonga moja, halafu "yalaa", halafu nyonga ya pili. Mumewe alimtazama kuanzia mwanzo wa safari mpaka mwisho.

"Mgonjwa," alisema polepole, "ni... nani?"

Kisha akacheka. Kicheko cha upande mmoja wa mdomo, lakini kicheko, na kilikuwa cha kwanza tangu kiharusi. Mama Bado naye alicheka mpaka tumbo likamuuma, na tumbo lilikuwa linauma tayari.

Wiki ya sita alinyanyua mfuko wa mchanga wa kilo thelathini kutoka chini mpaka begani. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Akarudi nyumbani kifua mbele, na Jumapili iliyofuata akatandika blanketi koridoni, akamsaidia mzee kukaa chini, akasimama nyuma yake kama alivyofundishwa, miguu imepanuka, mgongo umenyooka.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu haukuwa wa mwenzie, ulikuwa wake, na haukuwa na dalili ya usufi. Mfuko wa mchanga una vishikio, nao hauoni haya. Alimfikisha nusu, magoti yakatetemeka, wakarudi chini wote wawili. Mara ya pili kiwiko cha mzee kiligonga ukuta. Mara ya tatu mzee alifumba macho, akaugeukia ukuta.

"Basi," alisema.

"Basi nini?"

"Niende."

Jirani, aliyesikia vishindo, alikwenda kumwita mwenye duka la mtaani aje kuwasaidia. Mama Bado aliingia jikoni, akafungua bomba la maji lipige kelele, akalia.

Jumanne kidogo asiende mazoezini. Alikwenda kwa kuwa alikuwa amezoea, na kwa kuwa kukaa nyumbani kungemaanisha kumtazama mumewe usoni. Siku hiyo alikuwepo mgeni, karani wa posta, mwanamke mnene mwenye aibu, aliyejipanga mstari wa nyuma kabisa. Kwenye Lala-Ruka ya nane, karani alilala, na hakuinuka. Alibaki kifudifudi, mabega yakimtikisika, na ilikuwa wazi kwamba analia.

Mama Bado hakufikiri. Miaka thelathini na minne haifikiri. Aliacha mstari, akasimama juu ya karani, miguu huku na huku, akapitisha mikono kwapani. "Haya mama, njoo, nimekushika, njoo."

Filimbi ililia. Muziki ukakatwa.

"Mama Bado, mwachie," Kocha alisema.

"Ameanguka."

"Nimeona. Hapa hatumwinui mtu. Chuchumaa kando yake, umhesabie."

Aliona ni ukatili, na uso wake haukuficha. Lakini alimwachia, akachuchumaa. Watu wote walikuja wakachuchumaa kuwazunguka, na Kocha akaanza kwa sauti ya chini, asiyoitumia kwa kawaida. "Ubavu." Wakangoja. Karani aligeuka ubavu. "Goti." Wakangoja sana. "Mguu. Kiganja kwenye paja. Umefika, dada, simama."

Karani alisimama. Kamasi na machozi vimechanganyika usoni, nywele zimevurugika, na bado uso ule Mama Bado aliujua vizuri kuliko uso wake mwenyewe. Ni uso wa mwanamke aliyewekewa mtoto kifuani sasa hivi.

Mazoezi yalipokwisha alimngoja Kocha kwenye benchi la viatu.

"Ile sheria umeitoa wapi?"

Kocha alimtazama kuona kama anataniwa. "Mama, kwani hunikumbuki?"

"Nisamehe, mwanangu. Sikumbuki."

"Miaka sita iliyopita. Kitanda cha dirishani. Saa kumi na tisa za uchungu, na wewe ni bado, bado, bado. Nilikukaba shingo nikakwambia nivute, nitoe huyu mtoto, fanya lolote. Ukanibandua mikono. Ukasema, 'Mimi simtoi mtoto. Unamzaa wewe. Mimi nitakaa hapa nikuhesabie.' Nilikuchukia siku ile." Alikuwa akizungusha kamba ya filimbi kidoleni. "Lakini maishani nimefanya jambo moja gumu kweli, na nililifanya mwenyewe. Ungenivuta, lingekuwa lako."

Mama Bado hakumkumbuka hata hapo. Maneno hayo alikuwa amewaambia maelfu. Alikaa na raba moja mkononi, akafikiria kifungo cha shati. Akafikiria kikombe, vipande vya nyama, mto, soksi, na vidole vile vyembamba vilivyokuwa vikikaribia kifungo kila asubuhi na kukuta kimeshafungwa. Mwaka mzima alikuwa akimvuta mume wake. Aliona aibu, aibu ya moto, masikioni na shingoni.

Nyumbani mzee alikuwa dirishani, ubao wa drafti mbele yake, jirani ameshakwenda. Mama Bado alivuta kiti.

"Mzee, nimekukosea."

Mzee aliirudisha kete ubaoni.

"Nimekufanya mzigo, na mzigo hauulizwi unakwenda wapi. Sasa nakuuliza. Unataka kwenda kwa binti yako?"

Ilichukua muda. Mdomo ulijaribu, ukakosa, ukajaribu tena. Mama Bado aliliona neno linakuja na akajizuia kumalizia.

"Hapana," alisema mzee. Kisha, kwa kuwa lilitoka vizuri, akaongeza: "Hapana."

"Basi njoo tulale chini."

Mzee aliinua nyusi moja, ile iliyokuwa ikifanya kazi. "Mlango," alisema, "uko... wazi."

"Mzee mzima huna haya," mkewe alisema, akaenda kuleta blanketi.

Jioni ile mzee hakufika mbali zaidi ya goti. Walichukua kigoda kizito alichokuwa akikalia mzee akitengeneza saa, wakakisukuma mpaka ukutani ili kisiteleze, awe na pa kuweka mkono mzima. Ubavu wa kulia alipata. Kiwiko alipata. Goti lilitetemeka na kumrudisha chini, akatukana tusi zima bila kukwama popote. Mama Bado alikuwa amekalia mikono yake mwenyewe, kwa maana halisi, viganja chini ya makalio, kwa sababu hakuiamini.

Aliyepata jibu alikuwa fundi. Siku ya nne alibaki amelala ubavu kwa muda mrefu, mkewe akadhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anatazama kigoda kwa jicho lile la zamani, la kutafuta jino moja lililopinda kwenye gurudumu.

"Kigoda... huku," alisema, akionyesha kulia. "Shubiri."

Mama Bado alikisogeza shubiri moja. Mzee aliweka kiganja, akavuta goti, mguu ukaja mbele, na nyonga zikaacha sakafu. Zilirudi, lakini ziliiacha. Akaomba chaki. Alichora mwenyewe miguu ya kigoda ilipo, halafu mahali pa goti, halafu mahali pa unyayo, korido ikawa na michoro kama uwanja wa watoto. Baada ya hapo wakawa wanaifanya kazi hiyo kila jioni, naye alitaka ifanywe kwa mpangilio uleule, na mkewe akiruka hatua alimkemea.

Asubuhi alifunga vifungo vyake. Vifungo saba, dakika kumi na nane. Mama Bado alichelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na msimamizi wa zamu alipomuuliza sababu alisema mume wake alikuwa anavaa shati.

Binti alifika siku aliyoahidi, na sanduku tupu la nguo za baba yake. Aliliweka mlangoni kwa upole, kama vile kulificha.

"Mama, kwa kweli sikuja kushindana nawe," alisema. "Hata ukimwinua leo, kesho je?"

"Kaa kwanza," mama yake alisema.

Mzee alikwenda koridoni na fimbo yake. Alishuka kwa kushika kigoda, taratibu, mpaka akalala kwenye blanketi, akatazama dari. Binti aliziba mdomo kwa kiganja. Picha ya siku ile ya keki ilikuwa imemrudia yote.

"Haya Mama. Mwinue."

"Simwinui."

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa," Mama Bado alisema, akachuchumaa kando ya mumewe, akashuka moja kwa moja bila kushika ukuta. "Ubavu," alisema.

Mzee aligeuka ubavu. Alijisukuma kwa kiwiko, akaweka kiganja kwenye kigoda, akalivuta goti. Kisha mguu ulipokuja mbele ulikosa alama ya chaki, ukateleza, naye akaanguka kwenye kiwiko kwa kishindo. Mama Bado alihisi mikono yake ikiruka yenyewe. Aliirudisha. Binti hakuirudisha yake. Alikurupuka, akapiga magoti, akainyoosha kumkumbatia baba yake kwapani.

Mama Bado alifungua mdomo kumzuia, lakini aliwahiwa.

"Bado," alisema mzee.

Lilitoka safi, bila kukwama, kwa sauti ile aliyokuwa akiwajibia wateja wenye haraka. Binti alibaki na mikono hewani. Baba yake hakumtazama. Alikuwa anatazama chaki. Alipumua mara tatu, mkewe akimhesabia kwa midomo bila sauti. Aliurudisha mguu kwenye alama yake, akauegemea, akaukaza mkono wa kulia mpaka mishipa ikasimama, na nyonga zikaacha sakafu, zikapanda, zikaendelea kupanda, mpaka yule mtu mrefu akawa amesimama wima koridoni kwake, jasho likimtiririka, mkono mmoja kwenye ukuta.

Alijipa muda wa kupumua. Kisha akauachia ukuta, akasimama kwa miguu yake miwili, mzima na mbovu, akamfungulia binti yake mkono.

"Sasa," alisema.

Binti alikwenda akajificha kifuani mwa baba yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka mitano, kwa kujibana upande ule ule wa moyo. Alilia, akasema nisamehe Baba, sikukuuliza, sikukuuliza, na baba yake akampigapiga mgongoni kwa vidole vile vyembamba. Sanduku lilikaa mlangoni mpaka Jumatatu, alipoondoka nalo likiwa tupu.

Mama Bado alibaki chini, amechuchumaa kwenye blanketi, analia waziwazi, na wale wawili walivyokumbatiana hakuna aliyemwona. Alilia mpaka akatosheka. Kisha akaleta mguu mmoja mbele, akaweka kiganja kwenye paja, akasimama.